Hodi ya Mlango wa Kumi

Mzee wa barua pepe pale Kirumba alikuwa na miwani iliyofungwa uzi, na uchovu uliomkaa mabegani kama gunia. Siku nne mfululizo Specioza alimkuta palepale, akiulizia ujumbe wake kwa kaka yake aliyekuwa akisoma Ulaya: "Baba mahututi. Njoo." Chuo cha kaka kilikuwa na mashine tatu za kupokea barua, kila moja kama mlango wenye namba ya zamu yake. Mtambo wa mzee ulianza na yenye namba ndogo, kumi. Ilipokataa, ukaenda ya ishirini, kisha ya thelathini. Kila ulipojaribu, mzee aligonga meza kwa kifundo cha kidole, akanong'ona, "Hodi." Hakuna mlango uliofunguka. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Bado tunapiga hodi, mwanangu. Siku tano zikipita, mtambo utakurudishia barua yako."

Siku ya tano Specioza aliingia na kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Imerudi, mwanangu. Niitume tena?"

"Usitume ileile, baba. Andika tumeshamzika."

Mzee akachapa polepole, kidole kimoja kimoja. Safari hii hakugonga meza. Mlango wa kumi ukafunguka bila hodi.