Nani Kambemenda Idrisa?

Nikikuona na hicho kitoto chako, mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyotoka hospitali na Idrisa mkononi, nikaingia uani kwa Bi Kidawa pale Manzese, nikapigiwa vigelegele mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa binti mdogo. Mama yangu yuko Newala, nauli hana. Shule niliishia darasa la nne. Kuhusu mtoto nilikuwa najua vitu viwili tu: mtoto hulia, na mtoto hunyonya. Laiti ningebaki na hivyo viwili.

Nitawataja watu kwa majina. Anayeona nimekosa adabu anisamehe, nimenyamaza sana. Wa kwanza Bi Kidawa, mwenye nyumba. Wa pili Mama Zuhura, wa chumba cha jirani. Wa tatu wifi yangu Mwajuma. Na huyo mume wangu mwenyewe, Shabani, aliyekuwa anashusha ndizi sokoni Mabibo. Walikuwa wabaya? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Mama Zuhura alinikanda kwa maji ya moto kama mwanawe wa kumzaa. Bi Kidawa alinipikia uji wa pilipili manga. Mwajuma alifua nepi wala hakukunja uso. Watu wale walinipenda. Na hao hao ndio walioniharibia.

Alianza Mama Zuhura. Nimetoka gengeni, jua la utosi, nimekaa namnyonyesha, akanidaka mkono.

"We Somoe! Unampa mtoto maziwa ya jua? Utamharisha! Kamua umwage, kifua kipoe kwanza."

Nikakamua, nikamwaga mchangani, Idrisa analia ananitazama. Tangu hapo kila nikitoka juani namwaga. Na Manzese, chini ya bati, utakaa wapi pasipo na joto?

Sasa kwa kuwa analia, Bi Kidawa akasikia. "Mwone anavyokunja miguu. Hilo chango." Akaleta mizizi imechemshwa, chungu kama shubiri, anywe kijiko asubuhi na kijiko mchana, na maji ya uvuguvugu ya kusukumia. Mtoto akinywa ananyamaza. Tukasema dawa kiboko.

Halafu Mwajuma akaja kututembelea, akamkuta anahangaika. "Wifi, dume hili! Maziwa matupu yatamtosha wapi? Kaka yangu huyu alianza kula hata kukaa hajui, mwone alivyo." Nikamtazama Shabani na yale mabega ya kubebea mikungu, nikaona kweli. Tukaanza uji mwepesi wa mahindi. Kifua changu, kilichokuwa kinalowesha khanga, kikaanza kulegea. Nikasema si kitu, bahati nzuri uji upo.

Idrisa akaanza kupungua. Ngozi ya mapaja ikashuka kama soksi iliyolegea mpira. Kichwa kikabaki pale pale, macho yakawa ya mzee. Siku ya kliniki ilipofika nikajificha ndani, maana kule watoto wananing'inizwa kwenye mizani mbele za watu, na akina mama wana macho. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Mie nilikuwa nimeshazaa, nikaanza kuficha baadaye.

Jioni moja tunamwogesha kwenye beseni, wanawake wote wapo. Mwajuma akamshika paja, akaliachia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na nyumba ya pili:

"Huyu mtoto kabemendwa."

Nyie wa siku hizi mkilisikia neno hilo mnacheka. Kubemenda, wanavyosema, ni mmoja wa wazazi kutoka nje ya ndoa wakati mtoto bado yuko ziwani, kisha akamshika mtoto na uchafu wake. Mtoto ananyauka. Neno baya hilo, mwanangu, kwa sababu halina kipimo. Ukiambiwa mtoto ana homa, unamgusa paji la uso. Ukiambiwa kabemendwa, utamgusa wapi?

Mie najijua sijatoka. Basi ni Shabani. Shabani naye anajijua hajatoka. Basi ni Somoe. Tulikuwa watu wawili wasafi, na usafi wa kila mmoja ukawa ushahidi wa kumfunga mwenzake.

"Shabani, sema tu. Sigombi."

"Niseme nini? Sema wewe unayeshinda nyumbani."

"Nashinda na mtoto!"

"Na gengeni unaendaga kununua nyanya mbili, unarudi jua linazama?"

Nyanya, mwanangu. Ndoa yangu ilianza kupasuka kwa nyanya.

Bi Kidawa akatuita uani akatukalisha. "Dawa ya kumwogesha ipo, wanangu. Ila haishiki mpaka mwenye kosa aseme kwa kinywa chake. Mkinyamaza mtamzika. Mie nimeshaona."

Shabani akaapa. Mie nikaapa. Idrisa hakuwa tena na sauti ya kulia, alikuwa anafungua mdomo tu kama kifaranga. Nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la nne: huyu mwanaume hatasema. Dawa inataka kinywa. Kinywa si hata mie ninacho? Nikasema:

"Ni mie."

Mama Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Na nani?" Shabani akauliza, taratibu kabisa.

Huko sikuwa nimefika. Nilidhani neno moja linatosha, dawa ishike, mtoto apone, yaishe. "Mtu wa sokoni," nikasema, kwa sababu soko ndilo lililokuja mdomoni. Soko lake yeye, anakoshushia ndizi! Ona ujinga huo. Angalau ningesema fundi cherehani, angalau ningesema msafiri.

Hakunipiga. Alifungasha nguo zake akaondoka, na nilisikia baadaye kwamba kila alipokuwa anapokea mkungu kutoka kwenye lori alikuwa anamtazama anayempa usoni, akitafuta. Mwisho akaacha kazi, akahamia Mbagala.

Idrisa akaogeshwa dawa. Na baada ya hapo, mwanangu, uani kukawa kimya. Mwajuma alichukua sufuria yake ya uji akaondoka nayo. Mama Zuhura, akiniona natoka, anafunga mlango. Bi Kidawa hakunifukuza, hilo namshukuru, na alikuwa ananiwekea sahani ya ugali mlangoni, ila salamu hakuna na mizizi hakuna. Nikabaki na chumba na mtoto. Hakuna wa kuniambia kamua, subiri, koroga. Unga wa uji sina. Alipofungua mdomo nikampa ziwa, japo halina kitu. Akafungua tena, nikampa tena. Mchana kutwa, jua lisijue pa kunikuta. Sikufanya hivyo kwa akili, nilifanya kwa kukosa la kufanya. Yakaja matone. Baadaye nikasikia kifua kinawasha kama zamani, khanga ikalowa, nikaishika ile khanga nikalia.

Idrisa akarudi. Mashavu yakajaa, sauti ikarudi, akawa analia mpaka chumba cha mwisho wanagonga ukuta. Na hapa ndipo pagumu. Bi Kidawa alimwona, akawaita wenzake: "Mnaona? Kakiri, dawa imeshika. Lisemwalo lipo!" Uani wote ukaitikia. Mtoto mnene ndiye aliyekuwa shahidi wao. Ningesema nini? Nilikaa na mtoto wangu mzima mapajani, nikaanza kujiuliza mwenyewe: labda kweli nilitoka? Labda nilimtazama mtu vibaya, labda niliota? Usinicheke. Ukiambiwa jambo na watu wengi, wanaokupenda, halafu na dunia ikakubaliana nao, hata wewe unajitilia shaka.

Nikapata ujasiri wa kwenda kliniki, kwa kuwa sasa mtoto ana mapaja ya kuonyesha. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mkavu wa maneno. Nikamwamkia, akataka kujua kwa nini nilipotea, nikamwaga yote, na kukiri nikamwambia.

"Kipindi kile anakonda, kwa siku alikuwa anakula nini?"

"Dawa ya chango. Maji. Uji mwepesi. Halafu dawa tena."

"Na ziwa?"

"Kikipoa kifua."

Akaacha alichokuwa anaandika. "Mama, huyu mtoto alikuwa na njaa."

"Njaa?" Nilipandisha sauti mpaka wenzangu wakageuka. "Nyumba nzima ilikuwa inamlisha!"

"Ilikuwa inamlisha maji. Tumbo lake dogo hivi, ukilijaza maji, maziwa yatakaa wapi? Na ziwa lisiponyonywa linakauka. Hayo maziwa ya jua ni yapi? Jua linaingiaje humo ndani?" Kisha akanikazia macho. "Akikonda tena unamleta hapa siku hiyo hiyo. Mizani haina mdomo. Ulikuwa unaiogopea nini?"

Nilitoka pale nimepata na nimepoteza. Mtoto wangu hakubemendwa na mtu. Mume wangu hakutoka, wala mie. Nikamtuma mtu Mbagala akamwambie Shabani. Jibu lililorudi: "Mwambie alishasema." Kinywa ni jumba la maneno, lakini hakuna aliyeniambia kwamba mengine yakishatoka hayarudi jumbani.

Juzi hapa Idrisa amepata mtoto wake wa kwanza. Anakaa Kibamba, tukaenda arobaini. Shabani alikuja, mvi kichwa kizima. Watu walipokuwa wanakula akavuta kiti karibu yangu.

"Somoe. Sasa tumezeeka, ugomvi hakuna. Yule mtu wa sokoni alikuwa nani?"

"Hakuwepo, Shabani. Mtoto alikuwa na njaa."

Akamtazama Idrisa, jitu zima, linapita na masahani ya pilau. 

"Ulikiri, mtoto akapona. Yule pale kasimama. Sasa mie niamini nini?"

 Na nikwambie ukweli unaoniudhi zaidi: alipoinuka kwenda kunawa, mie nilimtazama mgongo nikajiuliza, na yeye je? Alivyoapa siku ile, aliapa kweli? Nesi alishanieleza, nilishaelewa, na swali bado limo. Neno la Mwajuma limekaa ndani yangu kuliko ndoa yenyewe.

Nataka nimlaumu mtu mmoja nipumue, nashindwa. Nikimshika Mwajuma, nakumbuka nepi. Nikimshika Mama Zuhura, nakumbuka maji ya moto mgongoni. Bi Kidawa ameshatangulia mbele ya haki, na sahani yake ya ugali ndiyo iliyotengeneza maziwa yaliyomponya Idrisa. Basi nawalaumu wote kwa pamoja, na nawashukuru, na sijui mie ni mtu wa namna gani.

Mkwe wangu ana grupu kwenye simu, wazazi wapya wanapeana ushauri. Siku ile aliniwekea nisikilize sauti zao. Mmoja anamwambia mwenzake mpe asali kidogo, mwingine mpe maji ya kuchemsha, mwingine anasema wa kwangu nilimpa ndizi na hajafa. Nikasikia akina Mama Zuhura tele, sauti zao tamu vile vile. Kuna mmoja alilia tu kwamba amechoka, wenzake wakambembeleza mpaka akacheka. Hapo nikasema sawa, grupu si baya. Hata uani kwetu hapakuwa pabaya.

Kwa hiyo sikwambii uwakimbie watu, mwanangu. Mzazi asiye na watu anakufa na mtoto wake. Wakikuletea uji wa pilipili, kunywa wewe. Wakitaka kukufulia, wape beseni. Lakini kinachoingia mdomoni mwa mtoto, usikipokee kwa sababu tu aliyekileta anakupenda. Ziwa peke yake mpaka afike miezi sita, ndivyo manesi wote wanavyosema, na usimpimie kwa jua wala kivuli. Kama maziwa hayatoki, au mtoto anakonda, mbebe mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama umechelewa, hata kama mapaja yake yanakutia aibu. Aibu ni yako, mapaja ni yake. Na nyie akina baba, msisubiri kuitwa uani kama washtakiwa: nendeni kliniki na wake zenu mkasikie kwa masikio yenu, ili siku jirani akileta neno, muwe wawili wa kumjibu.

Zaidi ya yote, usikubali neno lisilo na kipimo lilale chumbani mwenu. Na usikiri usilolifanya, hata kwa kumponya mwanao. Mwana atapona kwa maziwa, na neno lako litabaki.

Mungu akulindie hicho kitoto, akijaze mapaja mpaka beseni lionekane dogo. Akutilie baraka kifuani, akupe majirani wenye mikono mingi kuliko midomo. Na mwenzio, Mungu amjalie akuamini kabla hujaapa.