Nyanya Alipokataa Kuandikwa Chini

Juzi, hapa Busia upande wa Uganda, kijana wa ofisi ya vifurushi alitaka kunifundisha kuandika anwani ya Kenya. Mimi! Nikamwambia, "Mwanangu, lete kalamu hapa." Anwani nilianza kuandika wakati wa Mzungu, nikiwa msichana wa darasa la nne na mwandishi wa nyanya yangu kule Mwello.

Kusoma nyanya hakujua, lakini amri alijua kutoa. Kitindamimba wake, baba yangu mdogo, alikuwa akichuma chai Kericho, na tangu aondoke hakuwa ameleta barua. Watu walisema Kericho ni nchi nyingine. Nyanya hakukubali. Stempu si ni moja huku na kule? Basi! Tulikaanga simsim na karanga, tukasaga juu ya jiwe mpaka mafuta yakatoka, tukajaza kopo, naye akalishonea ndani ya kitambaa cha amerikani kwa uzi mweusi. Nilimeza mate njia nzima hadi posta ya Tororo.

Ubishi ulikuwa kwenye anwani. "Mimi nakwenda kukaa chini ya mtoto niliyemzaa? Wewe!" Kwa hiyo jina lake nikaliandika juu, kubwa, pamoja na sanduku la posta la misheni yetu. La baba mdogo nikalibana pale chini, dogo, kama mtoto anavyokaa mbele ya mzazi. Adabu ilitimia kabisa.

Jumapili moja, baada ya ibada, mwalimu wetu alisoma majina ya waliopata vitu vya posta. Nyanya alipoitwa alipiga kigelegele. Kisha akapokea kifurushi, akaona uzi wake mwenyewe.

"Amekataa chakula changu," alisema. Hakulia. Njiani akatangaza kwamba mtoto wa namna hiyo hamjui tena, na shamba alilomwekea atampa mtu mwingine. Nilimpenda sana baba mdogo. Usiku ule sikula.

Wiki ile ile mwalimu akachora bahasha ubaoni: anayepelekewa katikati, nchi yake chini kabisa kwa herufi kubwa, mtumaji nyuma. Lo! Posta walikuwa wamempelekea yule niliyemwandika mkubwa. Nikakimbia nyumbani, nikamwambia nyanya kwamba mwanawe hakukataa kitu, hata kukiona hakukiona. Nilingoja kofi. Yeye akaketi.

"Kumbe mimi nimejipelekea mwenyewe?" Akafumua ule uzi, akaleta kitambaa kipya. "Mwandike yeye, mkubwa. Na hiyo Kenya yenu iweke. Mimi nitakaa nyuma."

Baada ya mwezi barua ikaja. Nilimsomea uani: "Mama, nimekula yote, kopo nimelipangusa kwa kidole. Nilidhani umenisahau." Akanirudisha nisome mara nne, kisha akachukua jembe akaenda kupalilia shamba la mwanawe.

Siku hizi hakuna anayesoma majina baada ya ibada, na ujumbe wa simu mtu husoma mara moja akafuta. Nyanya na baba mdogo wote wameshatangulia. Barua ile nyanya aliikunja mpaka ikachanika. Nilikuwa nimemwonyesha mahali palipoandikwa "nimekula," na hadi uzeeni, kila alipoifungua, aliweka kidole pale pale.