Wangechi na Mtoto wa Kaka Yake

Wangechi huuza viazi Karatina, nami huuza karoti kando yake, na sijaona mtu mkaidi kama yeye. Mteja akimwomba apunguze bei mara ya pili, humwonyesha kwa kidole wauzaji wengine na kuendelea na shughuli zake. Kwa hivyo niliposikia kwamba mtoto aliyemuua mwanawe Wangechi anatafutiwa njia ya kurudi kijijini kwetu Endarasha, nilidhani jibu lake nalijua. Sikulijua.

Mtoto huyo ni Ndungu, kifungua mimba wa Muchiri, kaka yake Wangechi. Alipewa jina la babu yake kama desturi yetu ilivyo, na kwa kuwa babu huyo ndiye aliyemzaa Wangechi, Wangechi alimwita Baba tangu akiwa kwenye nepi. Ungemsikia akimfokea: Baba, vaa viatu, Baba, pangusa kamasi. Tulikuwa tukicheka sana. Gatimu, mtoto wa pekee wa Wangechi, alikua pamoja na huyo Baba mdogo wakila sahani moja.

Kisha wakagombana shambani wakivuna viazi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa simu, nani amemaliza chaji. Ndungu, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliokota jiwe akampiga Gatimu kichwani, na Gatimu alipoanguka akampiga tena. Hilo pigo la pili ndilo lililotushinda wote, maana la kwanza ungeliita hasira. Gatimu alikufa kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika kwenye lami.

Mahakama ilimpeleka Ndungu kwenye shule ya kurekebisha tabia. Mama yake alishindwa kuvumilia macho ya watu, akaenda Timau kufanya kazi kwenye shamba la maua. Muchiri akazama kwenye pombe. Wangechi alirudi sokoni baada ya mazishi akapanga viazi vyake, na lile jina la Baba halikutoka kinywani mwake miaka yote hiyo.

Mwaka huu muda wa kijana ukaisha. Afisa wa probesheni, Bwana Ogutu, akaitisha mkutano kwa chifu. Alieleza kwamba hawezi kumrudisha mtoto mahali ambapo hakuna nyumba ya kumpokea. Ikikosekana, atawekwa mbali kusiko na jamaa yeyote, na akitimiza umri wa utu uzima ataachiliwa ajitafutie. Muchiri aliulizwa kwanza. Aliinama akasema hana nyumba ya mtu kama huyo.

Jirani yetu Gicheru akasimama. Gicheru si mtu mbaya. Ana mabinti wanaopita njia ya kwao Ndungu kwenda shule. Aliuliza mtoto anayeua akiwa mdogo hivyo atafanya nini akikomaa. Tena akataka ukoo umvue kijana jina la mzee, apewe lingine, ili mzee apumzike kaburini kwake. Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia, kwa sababu nina wajukuu, na sioni haya kusema hivyo.

Ogutu alimgeukia Wangechi akamwambia kwa upole kwamba neno lake lina uzito, lakini halazimishwi kulitoa. Wangechi alisimama, akakaza leso yake kiunoni.

"Mkimtoa hiyo jina mtakuwa mmemaliza nini?" aliuliza. "Ataenda Nyeri alale kwa veranda, na siku ataua mwingine mtasema ati si wetu. Baba yangu ameua mtoto yangu. Wote ni wangu. Atakaa kwangu."

Gicheru alimuuliza kama basi amemsamehe.

"Bado," alisema Wangechi. "Na sijui kama nitawahi. Lakini kulea haiwezi kungojea hiyo."

Kisha akamwahidi Gicheru kwamba atampeleka kijana shuleni yeye mwenyewe, kwa miguu, kila asubuhi kabla ya kuja sokoni, na Gicheru akimkuta peke yake njiani aje amuulize yeye. Gicheru alikaa chini. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Wangechi wazi kwamba ana wazimu. Aliniuliza nimtajie mtu mwingine atakayemchunga Ndungu huku akijua vizuri kuliko yeye kile alichokifanya. Swali hilo liliniudhi mpaka nikafika nyumbani.

Wiki iliyofuata Ogutu alimleta kijana kwa Wangechi, mchana. Nilikuwepo, maana niliogopa kumwacha Wangechi peke yake. Kijana amerefuka, mikono imepita mikono ya sweta, na pale langoni hakujua amsalimie nani. Wangechi hakumkumbatia. Alimwita Ndungu, akamwambia amfuate nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Gatimu, wakasimama huko muda mrefu. Mimi na Ogutu hatukusogea karibu. Kijana alirudi uso umelowa, na walichosemezana Wangechi hajaniambia hadi leo.

Akamwingiza ndani, akamfungulia mlango wa chumba. Ndungu alipoona kitanda alirudi nyuma hadi mlangoni. Alisema atalala jikoni, au hata chini kwenye sakafu, haina shida.

"Kitanda ni ya Gatimu," Wangechi alimwambia. "Hakuna ingine. Utalala hapo, na asubuhi utaamka."