Bi Mbona na Mlango wa Kioo

Jina alilopewa na wazazi wake wanalikumbuka wachache. Tangu utotoni alikuwa hapiti mahali bila kuuliza: mbona moshi wa jiko humfuata yule yule anayeukimbia, mbona ufunguo huu unafungua kufuli hii na ile unaikataa. Wakamwita Mbona. Alipokuwa mtu mzima wakamwongezea heshima, akawa Bi Mbona, na maswali hayakupungua hata moja.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa fundi cherehani, na si wa kubabaisha. Alikuwa akikutazama mara moja mlangoni, tayari ameshajua kiuno chako kimekudanganya kwa kiasi gani tangu mlipoonana mara ya mwisho. Kisha, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alimpa wifi yake cherehani, akatangaza kwamba nguo zimemchosha na sasa atakata stika: za magari, za vioo vya maduka, za milango ya ofisi.

Watu hawakukosa la kusema, lakini wifi, mke wa kaka yake, aliwashinda wote. Walikuwa wakiishi ua mmoja, Bi Mbona akiwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, kwa hiyo maneno hayakuwa na safari ndefu.

"Mwenzetu sasa ni mtu wa kompyuta," alikuwa akisema wifi, akikanyaga ile cherehani ya kupewa. "Sisi tubaki na pindo za suruali."

Bi Mbona alimwacha aseme. Ukweli alikuwa nao peke yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Ulianza na kidole gumba, ukapanda, hadi siku moja akachora mstari wa chaki kwenye kitambaa cha bibi harusi, alipoutazama akadhani siafu wamepita. Alikwenda hospitali, akapewa jina la ugonjwa na dawa za kuupunguza, akaambiwa hautamuua ila hautaondoka. Akarudi nyumbani akanyamaza. Aliogopa jambo moja tu: kwamba mkono wake ukijulikana, hakuna atakayempa tena kazi ya mikono, na yeye kazi nyingine haijui.

Ndiyo maana aliipenda mashine ya kukata stika, inayoongozwa na kompyuta, siku ya kwanza. Ilikuwa imeshatumika, imenunuliwa kwa mtu aliyekuwa anafunga duka. Ilikuwa na urefu wa benchi, na kisu chake kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Ilipomkatia duara la kwanza, duara lile lilikuwa duara kweli, halikutikisika popote. Machozi yalimlengalenga Bi Mbona, akajifanya anapiga chafya ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Kisha yakaanza maswali. Karatasi ya stika ina matabaka mawili: plastiki yenye gundi juu, na karatasi laini ya kuibeba chini. Kisu kinatakiwa kikate ya juu na kisiiguse ya chini. Mbona basi kinajua pa kuishia? Kumbe hakijui, ni wewe unayekiambia, kwa kukitokeza kidogo mno kiasi kwamba unakipapasa kwa ukucha badala ya kukitazama. Akikitokeza mno, kilipasua vyote viwili, stika ikaanguka sakafuni vipande vipande. Akikificha, herufi zilikataa kutengana na mabaki. Wiki nzima alikata miraba midogo, akaibandika ukutani akiandika chini ya kila mmoja kisu kilikuwa wapi. Mwishowe akagundua kwamba anaweza kusikia. Kikizama kilichana, kikitosha kilikuna polepole kama mtu anayejikuna mgongo kwa kuona aibu.

Akauliza tena: mbona kwenye kona kinajikunja vizuri, ilhali hakuna kinachokigeuza? Alilala kifudifudi juu ya meza, pua karibu na mashine, akatazama. Kisu kilikuwa kinaburutwa. Ncha yake haikukaa katikati, ilifuata nyuma kama gurudumu la mbele la toroli la dukani, ukilisukuma linajigeukia lenyewe. Alifurahi mno, akatamani mtu wa kumwambia. Aliyekuwepo ni wifi, aliyekuwa anafagia nje.

"Wifi, njoo uone kisu kinavyogeuka."

"Kikigeuka kikakukata, nitakuja," akajibu wifi.

Kazi ya mkono ilibaki moja. Stika ikishakatwa lazima ichambuliwe, yaani kila kisichotakiwa king'olewe kwa kibano, hata kile kitundu kilicho katikati ya herufi. Hapo alifunga mlango. Aliweka mfuko wa mchanga juu ya kiganja chake, akakiegemeza mezani, akachambua taratibu kama anayetoa mawe kwenye mchele wa wageni. Aliweza. Aliona ameshafika.

Mteja wa kwanza wa maana alikuwa muuza miwani wa barabara ya pili. Bwana huyu alikuwa ameweka mlango mpya, kioo kitupu kutoka juu hadi chini, na alikuwa anausafisha mwenyewe kila asubuhi. Uling'aa hata haukuonekana. Sasa fikiria wateja wa duka la miwani ni watu gani. Kila siku wawili watatu walikuwa wanaugonga kwa paji la uso, na mmoja aliuomba radhi.

"Nataka mkanda mweupe, upite katikati ya kioo, mwisho hadi mwisho," alisema muuza miwani. "Picha za miwani zimepangana. Mtu auone akiwa mbali."

Bi Mbona alipima kwa futi yake ya ushonaji, ile ya kitambaa iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake miaka yote. Akakata, akachambua, na asubuhi kabla duka halijafunguliwa akaenda kubandika peke yake, maana hakutaka macho. Alipofika mwisho wa kioo, mkanda ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Alishangaa, lakini alikuwa mshonaji, na mshonaji kitambaa kikipungua kidogo hufanya nini? Huvuta. Akavuta, ukafika, akausugua ukatulia. Aliondoka akijisifu kimoyomoyo.

Jua la mchana liliukuta pale. Plastiki si kitambaa. Ukiivuta inakumbuka ilivyokuwa, na ikipata joto inarudi kwao. Muuza miwani alipompigia simu, mkanda ulikuwa umejikunja pembeni, miwani ya mwisho imebaki na jicho moja, na katikati yamejaa malengelenge ya hewa.

"Bi Mbona, nakuheshimu," alisema yule bwana, "lakini sasa wanasimama nje kucheka. Nakupa hadi Jumamosi. Isipokaa, nitamtafuta mwingine, na wenzangu wa barabara hii watanifuata."

Mtu mwingine angelia. Bi Mbona alitaka kujua kwanza kidole kile kimoja kimekwenda wapi. Alipima meza kwa futi yake, kisha kwa futi ya chuma ya jirani fundi seremala. Hazikukubaliana. Futi yake, kwa miaka yote ya kuvutwa viunoni mwa watu, ilikuwa imerefuka. Haikuwahi kumdhuru kwa sababu mteja na kitambaa chake walipimwa kwa futi hiyo hiyo, basi wakadanganywa sawasawa. Kompyuta haikuwa na futi hiyo. Alicheka peke yake hadi akaketi chini.

Swali la malengelenge alilipeleka kwa kijana anayebandika plastiki za giza kwenye vioo vya magari.

"Unabandika kavu, mama?" kijana akauliza. "Weka maji, tone la sabuni. Mkanda unaelea, unausogeza unavyotaka, halafu unayafukuza maji kwa kadi ya plastiki. Lakini mkanda wa urefu huo ni kazi ya watu wawili. Ukiushika peke yako utajibandika wenyewe kwa wenyewe."

"Hakuna njia ya mtu mmoja?"

"Mimi na mwenzangu tuko wawili," alisema kijana, akimnyooshea mwenzake kidole.

Bi Mbona alikata mkanda mpya kwa vipimo vya futi ya chuma, akazunguka na jambo la mtu wa pili siku mbili. Kaka yake alikuwa kazini mbali. Ijumaa jioni alikwenda kusimama karibu na cherehani.

"Wifi, kesho una nafasi?"

Wifi aliinua uso. Kwa miaka mingi hakuwahi kuombwa kitu na mtu huyu. "Ya kufanya nini?"

"Kushika karatasi."

"Kushika tu?"

"Kushika tu."

"Basi mashine yako haina mikono," akasema wifi, na Jumamosi akaja na ndoo.

Duka lilikuwa wazi. Ndani, kwenye benchi, wateja wanne walikuwa wanasubiri, na muuza miwani alikuwa nyuma ya kioo, mikono mfukoni. Bi Mbona alikinyunyizia kioo maji ya sabuni. Wifi akashika mwisho mmoja, yeye mwingine, wakaanza kubandua karatasi ya chini. Hapo mkono ukaanza. Ulitetemeka na mkanda wote ukatetemeka nao, hadi upande wa wifi, na gundi ikaanza kuramba gundi.

Wifi akacheka. "Unamwogopa mwenye duka? Hebu tulia."

"Siwezi kutulia," alisema Bi Mbona. Alisema taratibu, macho kwenye kioo. "Mkono huu una ugonjwa, wifi. Hautulii. Cherehani sikuiacha kwa maringo. Nishikie na katikati, tafadhali."

Wifi aliacha kucheka. Alisogea, akapitisha mkono wake chini ya mkanda, akaubeba wote kifuani kama mtoto aliyelala.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na ukatuacha tukuseme?"

"Kusemwa kulikuwa afadhali kuliko kuhurumiwa."

Maji yalikuwa yanawachuruzika hadi viwikoni. Ndani ya duka watu wanne walikuwa wanawatazama, na Bi Mbona alijua kwamba sasa wanauona mkono. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu hiyo alihisi kitu chepesi ambacho hakukitegemea.

"Mimi sikuhurumii," alisema wifi hatimaye. "Inua upande wako. Umeshuka."

Bi Mbona akainua.