Makubadhi ya Mjomba

Wiki iliyopita nilimkuta Mjomba Haji kibarazani kwake Malindi, redio mapajani, magoti yake mabovu kayafunga kanga. Mtangazaji aliposema, "Siku kama ya leo," nikaanza kucheka kabla hajamaliza.

Nilikuwa mdogo nilipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza. Ilikuwa baada ya Alasiri, na kibaraza hicho hicho kilijaa wazee na kunukia kahawa na kashata za karanga. Redio ikasema golikipa Haji yuko golini kule uwanja wa Amani, na wapinzani wanataka kupiga penalti. Nikamtazama Mjomba. Haji huyo alikuwa mbele yangu, anapuliza kikombe chake! Sikujua kuwa redio hurudia mechi za zamani. Nilidhani amechelewa, na goli liko tupu.

Nikaingia ndani mbio, nikatoka na makubadhi yake.

"Mjomba, vaa! Watatufunga!"

Wazee wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikiweka kikombe chini, akasimama mlangoni pekupeku, mikono kaitanua mwimo hadi mwimo.

"Amani nshachelewa," alisema. "Nnadaka hapa hapa."

Redio ikapiga kelele, Mjomba akajirusha mkekani, na wazee wote wakaruka. Kadaka! Kwa miaka mingi niliamini kuwa ni mlango wetu uliotuokoa.

Basi wiki iliyopita, redio ikiirudia mechi ile ile, penalti ilipokaribia, nilimwekea makubadhi miguuni. Akayasukuma pembeni kwa bakora yake, akatanua mikono.

"Sogea, mwanangu," alisema. "Siuoni mpira."