Mgongo wa Kupandia Ndege

Mimi ndege nilizipenda tangu sijaweza hata kuandika neno lenyewe. Nikiwa mchukuzi bandarini Malindi, hapa Unguja, gunia la karafuu mgongoni, ikipita moja juu nilikuwa nasimama pale pale kati ya njia, natazama mpaka shingo inalia, na wachukuzi walio nyuma yangu wananitukania ukoo mzima, waliokufa na wasiozaliwa. Ile ya kutoka Dar es Salaam niliijua kwa mlio ikiwa bado haijaruka huko Dar es Salaam. Haya, cheka. Mashahidi walikuwepo, ila wote wameshakufa.

Ndege ndizo zilizonipeleka skuli ya usiku. Niliambiwa uwanjani wanaajiri, lakini hawamtaki asiyejua kusoma. Nikasoma. Mchana gunia, usiku ubao, na mwalimu akinirushia chaki kila nikisinzia, mpaka kichwa changu kikawa cheupe kama cha shekhe wa miaka tisini. Nilipopata cheti mama alikifukiza udi kama bibi harusi, akakitundika ukutani mkabala na mlango ili kila mgeni akione kabla hajatoa salamu. Na kazi nikapata: kusukuma ngazi.

Ilikuwa ngazi ya chuma yenye magurudumu manne, na gurudumu moja lilikuwa na akili yake lenyewe. Tuliisukuma wawili, mimi na mwenzangu wa Kikwajuni, mtu mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Ndege ikisimama tunaipeleka ngazi mlangoni, tunakanyaga breki, tunasimama pembeni macho chini mpaka abiria waishe. Kupanda sisi, marufuku. Nilizigusa ndege zote zilizotua Unguja, na sijatia hata pua ndani ya moja.

Hilo, lakini, barazani kwetu Miembeni halikujulikana. Barazani nilikuwa mtu wa ndani ya ndege. Wakiniuliza kukoje, nawaambia kuna zulia linakumeza mpaka magotini, na ukikohoa tu unaletewa chai. Mimi si mwongo. Mkono wangu tu mzito kwenye chumvi. Ila moyoni nilijua ipo siku nitaulizwa swali nishindwe. Nilitaka kuingia. Mara moja tu, hata ikiwa kwa muda wa kumeza mate.

Basi, ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, wageni wa nchi rafiki wakija kwa zamu, tukasikia inakuja ndege ambayo mfano wake haujawahi kukanyaga kisiwa hiki. Mkubwa wetu wa zamu, bwana nadhifu ambaye ungeweza kukata mkate kwa kunjo la suruali yake, alitukusanya.

"Wageni wakishateremka na kwenda zao, wafanyakazi mtaingia mtazame. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Na nyinyi wa ngazi ndio wa mwanzo."

Wallahi siku ile sikurudi nyumbani kwa miguu, nilipeperuka. Nikawaambia barazani, nikamwambia mama. Wenyewe walikuwa tayari wameshaambiwa na tawi la chama kwamba mtaa wetu mzima utapakiwa malori kwenda kuwapokea wageni, kwa ngoma na bendera za karatasi.

"Tutakuona ukiingia?" mama aliuliza.

"Utaniona, mama. Nitasimama mlangoni nikupungie mkono."

Ikaja saa nne asubuhi. Kivuli chake kilipita juu ya Chukwani na kuku wa huko wakaenda kulala. Ilipogusa chini nilihisi meno yananitikisika, na ilipokuwa ikija kwetu, mapanga manne yakizunguka, majani ya uwanja mzima yalilala kifudifudi. Nimeona meli, nimeona kifaru cha vita, lakini vile vimekaa chini, vina haki ya kuwa vizito. Hiki kilikuwa kizito na kilitoka juu. Tairi lake lilinipita urefu mimi pamoja na kofia yangu. Tumbo lake lilikuwa limepigwa misumari kwa safu, maelfu, kila mmoja umelala sawa na mwenziwe, nami nikijiuliza ni nani aliyekuwa na subira hiyo. Tone la mafuta liliniangukia shavuni. Sikulifuta.

Tukasukuma ngazi. Ikafika. Na haikufika.

Ngazi yetu ilitengenezwa kwa ndege zetu, ndege fupi zinazokaa kama bata. Mlango wa lile dude ulikuwa juu ya kidato chetu cha mwisho kwa kimo cha meza nzima. Ukafunguliwa, na mgeni mkubwa akatoka, akanyoosha mguu, mguu ukabaki hewani. Ngoma ikaendelea. Mgeni akarudisha mguu ndani.

Mkubwa wetu akaagiza kasha la soda. Likapandishwa, akalijaribu mwenyewe, likavunjika. Ikaletwa meza ya chumba cha chai. Miguu yake haikuenea. Kule mlangoni alikuwepo kijana mmoja wa Kizungu, mtumishi wa ndege, naye akawa anaonyesha kidole ndani, nyuma ya mlango, anarudia kuonyesha. Mkubwa wetu akapanda, akachungulia, akamtikisia kichwa kwa tabasamu. Mimi nilidhani anakaribishwa chai na anakataa kwa adabu. Akateremka akatutazama, mwenzangu na mimi, kama mtu anayechagua papai.

"Wewe. Una mgongo. Panda uiname."

"Niiname vipi, mkubwa?"

"Msikitini huendi? Rukuu. Na usinyanyuke mpaka nikwambie."

Nikapanda. Ndivyo nilivyopanda ngazi ile kwa mara ya kwanza. Nikashika chuma cha pembeni, nikarukuu, ubavu wangu wa kushoto umeegemea ndege. Mkubwa akanipigapiga mgongo kuwaonyesha wageni kwamba ni madhubuti, kama muuza magodoro. "Karibuni! Karibuni!"

Mgeni wa kwanza alisita. Nilimsikia akisema kitu, na mtumishi akamjibu, kisha kikaja kiatu. Kiatu kipya, kisigino kigumu, kikatua katikati ya mabega. Halafu kingine. Akafuata mnene ambaye nikikwambia alikuwa na uzito wa ng'ombe wa Kizimbani utasema naongeza, basi toa pembe. Akafuata bibi wa viatu vya mchuchumio, na hapo nilisoma kwa mgongo yale ambayo skuli ya usiku haikunifundisha. Bwana mmoja aliponipita alinipapasa kichwa.

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Kisha kwenye uzio ikatoka sauti ninayoijua, ya jirani yetu wa barazani:

"Mwenye ndege! Na zulia liko wapi?"

Wakaangua kicheko, mtaa mzima, na walimu, na watoto wa skuli, na wapiga ngoma. Mimi nikacheka nao. Nikacheka kwa sauti mpaka vidato vikatikisika. Ungefanya nini, nawe umerukuu?

"Yakhe," mwenzangu aliniambia kutoka chini, "leo umeikaribia ndege kuliko rubani."

Na kweli. Kizingiti cha mlango kilikuwa kando ya sikio langu la kushoto, na kutoka ndani ilikuja baridi, ya namna ambayo Unguja haipo, yenye harufu ya ngozi mpya na matunda nisiyoyajua. Sikio moja la mtu wa Miembeni, nasema, liliingia.

Wageni wakapanda magari wakaenda. Nikanyanyuka nusu.

"Nani kakwambia?" mkubwa akafoka. "Watu hawajaona."

"Si ulisema sisi wa ngazi wa mwanzo?"

"Kwanza wazee. Una haraka ya nini, ndege yenyewe inakukimbia?"

Maana wenye ndege, kwa ukarimu, walikuwa wamesema wote waliokuja waingie watazame. Wote. Wakapanga foleni wapiga ngoma na ngoma zao. Wakapanga walimu, na watoto wa skuli waliokuwa wanaruka badala ya kukanyaga. Akaja jirani wa barazani, makubadhi yake ya Idi miguuni, akasimama juu yangu makusudi, akatazama mandhari. "Mgongo huu mzuri," aliwaambia walio chini, "una zulia." Akapita mwenzangu wa Kikwajuni, mwepesi.

"Nikitoka n'tainama mimi, uingie wewe," alininong'oneza.

"Ahadi?"

"Ahadi, yakhe."

Kisha hakuna kilichotua. Nikageuza shingo, nikaona miguu ya mama. Alikuwa amevua ndara, amezishika mkononi.

"Unisamehe, mwanangu," alisema. "Sijapata kuona."

"Panda, mama, panda!" Nilikuwa bado nacheka. Akapanda. Hakuwa na uzito wowote.

Kila aliyeteremka nilimuuliza: kuna nini ndani? Mmoja alisema vitanda. Mwengine alisema saa mia ukutani na kila moja ina saa yake. Mtoto mmoja alisema choo, akacheka mpaka chini. Nikikusanya, nikiweka, nikijiambia nitavilinganisha nikiingia. Mama naye akatoka. Alinishika bega, akateremka, akavaa ndara zake chini kabisa.

Wa mwisho alitoka mwenzangu, shavu limetuna peremende.

"Haya, inama," nikamwambia, nikajinyoosha. Mgongo ulilia kama mlango wa zamani.

Akajishika kiuno. "Mwenzangu, ungeniambia jana. Mgongo umenishika tokea alfajiri."

"Uliahidi."

"Niliahidi, sikukataa. Lakini nikiinama nikikatika, ngazi utaisukuma na nani?"

Wakacheka waliobaki. Nikajaribu kudandia mwenyewe, mikono kwenye kizingiti. Vidole vyangu vilikuwa ndani, navihesabu kuwa vimeingia, lakini mikono haikuwa na nguvu tena ya kuninyanyua. Mtumishi wa ndege aliinama kunishika.

"Acha!" mkubwa akasema kutoka chini. "Utachafua mlango wa watu. Ngazi irudi bandani."

Mlango ukafungwa. Tukasukuma, na gurudumu lenye akili yake likawa linavuta kurudi kwenye ndege. Mwenzangu akanipa karatasi ya peremende. Ya rangi ya dhahabu. Karatasi tu.

"Na ngazi yao nzuri kweli," alisema. "Nyepesi, ya kukunjwa."

"Ngazi gani?"

"Ile nyuma ya mlango. Hukuiona? Ah, wewe ulikuwa nje. Yule kijana si alitaka kuiteremsha, mkubwa akakataa. Ati wageni wakiteremkia ngazi yao wenyewe, sisi tutakuwa watu gani?"

Watu wote waliopita mgongoni mwangu, basi, walikuwa wameipita na ngazi ile, wakiingia na wakitoka.

Jioni mama alinilaza kifudifudi akanichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Cheti kilikuwa ukutani, kinatutazama. Barazani nje nilimsikia jirani akihadithia taa, na viti, na vioo, na wote wakimsikiliza. Alipokosea nikataka kumsahihisha kwa dirishani, nikakumbuka kwamba sijui.

"Mama," nikamwambia. "Ngazi ile ya nyuma ya mlango, na wewe uliiona?"

Mkono wake ukasimama mgongoni.

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

Akaongeza mafuta kiganjani. Akachua tena, taratibu, pale kati ya mabega.

"Ulikuwa ukicheka, mwanangu," alisema. "Nilidhani unajua."