Sikio la Baba

Harufu ya mafuta ya kondoo yakidondokea mkaa hunifanya nivuke barabara. Mtaani kwetu Ngarenaro jioni, majiko yakiwa kila kona, navuka sana, na rafiki zangu hunicheka kwamba mtoto wa Mmeru anakimbia nyama. Wacheke tu. Kichefuchefu changu kina asili yake, na ninyi nitawaambia.

Baba yangu alifundisha nadharia ya muziki chuo kikuu. Kijijini kwetu, huko mlimani, watu hawakuelewa mtu analipwaje kwa kuwafundisha watu wazima do, re, mi, lakini walijivunia vilevile. Mfukoni alikuwa na kichuma chenye ncha mbili. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni, kikampa noti. Likizo alinifundisha mchezo: kwaya ikianza kuimba bila kinanda, shika noti ya mwanzo kichwani, wakimaliza usikilize kama bado wako palepale au wameshuka. Nilikuwa mdogo lakini niliumudu, na baba akinisifu nilivimba kichwa siku nzima.

Mwaka mmoja aliitwa mjini kuamua mashindano ya kwaya. Zawadi ilikuwa kinanda. Kwaya ya kijiji chetu ilifundishwa na dada yake baba, shangazi Ndeshi, aliyewafanyisha mazoezi jioni mikono ikinata bado kwa utomvu wa migomba. Kinanda walikuwa wakikiota tu. Siku hiyo waliimba mpaka nikasisimka mwili, na walipomaliza walikuwa palepale walipoanzia.

Ikafuata kwaya ya mjini, sare zinang'aa. Mlezi wao alikuwa bwana mmoja mnene, mkubwa wa baba kule chuoni. Hao walishuka kama ndoo kisimani. Baba akagonga kichuma chake, akakiweka sikioni, akakunja uso. Nikatabasamu, kwa kuwa mimi na yeye tulikuwa tumesikia jambo moja. Kisha akasimama akawatangaza hao kuwa washindi.

Makofi yakalipuka. "Huyu ndiye mwamuzi wa haki!" mama mmoja akapaza sauti. "Hata dada yake hakumbeba!"

Shangazi alimfuata baba taratibu. "Kaka, tumekosea wapi?"

"Mlishuka, dada," baba akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Mlishuka sana."

Jioni tukaalikwa kwa yule mlezi. Kondoo alichinjwa. Baba alicheka kila utani wa mwenye nyumba, hata ule usiochekesha, mafuta yakimtiririka kidevuni hadi kwenye tai. Akanikatia kipande cha mkia, cheupe, kinachotetemeka. "Kula, mwanangu, mnono huyu." Nikakimeza. Kikakwama, kikarudi, kikatua juu ya zulia la mkubwa wake, na sijawahi kulionea huruma zulia lile.

Msinione mwerevu, sikujua nini kimetokea. Kwa akili yangu ya kitoto, baba alikuwa anakuwa kiziwi. Nilimhurumia mno. Nikawa nazungumza naye kwa kupayuka, nikamsihi mama ampeleke hospitali. Mama aligeukia chungu chake. "Baba yako anasikia," akasema.

Shangazi aliiacha kwaya mwezi uleule. Alisema mwalimu ambaye sikio lake limeanza kumdanganya atawapoteza wenzake. Hakuna aliyemlazimisha. Hata kuimba peke yake akimenya ndizi, kama alivyozoea tangu usichana wake, hakuimba tena.

Nilikuwa sekondari baba alipopewa uprofesa. Kwenye sherehe yule mlezi alishika kipaza sauti, akajigamba jinsi alivyompigania kwenye kila kikao. "Mkono mtupu haulambwi, jamani," akasema, akamkonyeza baba. Watu wakacheka. Baba akacheka. Ndipo nilipoelewa, na harufu ya ule mkia wa kondoo ikanirudia. Shangazi alikuwa amekaa karibu yangu, amevaa gauni lake la kanisani, anapiga vigelegele kwa ajili ya kaka yake.

Nikamwinamia. "Shangazi, siku ile hamkushuka. Nilisikia."

Akanipapasa mkono. "Acha hayo, mwanangu. Baba yako ni profesa. Yeye ndiye anayejua kusikia."

Mpaka leo shangazi haimbi. Na mimi, nikimtazama baba, huwaza kwamba afadhali angekuwa kiziwi kweli.